Nani Alisimama Nyuma ya Kaunta? Mtaa wa Florida na Kambi Zake za Fasihi

Kila anayesoma historia ya fasihi ya Argentina hukutana mapema na majina mawili ya mitaa. Katika miaka ya 1920, tunaambiwa, waandishi vijana wa jiji la Buenos Aires waligawanyika kambi mbili, kambi ya Florida na kambi ya Boedo. Florida walikuwa watu wa fani: walipenda sitiari mpya, utani, na habari zilizotoka Paris wiki iliyopita. Boedo walikuwa watu wa maudhui: waliwasoma Warusi, wakaandika juu ya wavujajasho, vyumba vya kupanga na njaa, na wakataka fasihi iibadilishe jamii. Mwanafunzi anakariri, anajibu mtihani, anapata alama zake, basi.

Katika makala haya ninakusudia kuupinga mgawanyo huo. Wahakiki wengi wameshaupinga kwa kuorodhesha waandishi waliokuwa mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, na orodha hiyo ni ndefu. Mimi nitaanza na mtaa wenyewe. Hoja yangu ni kwamba Florida ilikuwa mahali pa kazi kabla haijawa jina la mtindo wa kuandika. Mhakiki anayetamka "Florida" akimaanisha mabwanyenye peke yao amewahesabu wateja na kuwaacha waliowahudumia. Na akishawaacha hao, hata vitabu vyenyewe atavisoma upande mmoja.

Niseme mapema kwamba sijafika Buenos Aires, na kwa bumu hili la chuo sioni dalili ya kufika. Ninaujua mtaa huu kwa kuusoma.

Hebu tuuangalie basi. Florida ni mtaa mwembamba unaoanzia karibu na Plaza de Mayo, penye ikulu na kanisa kuu, ukaelekea kaskazini mpaka uwanja wa San Martín. Ni mwendo wa kama kilomita moja. Mtu asiyetazama madirisha ya maduka anaumaliza kwa robo saa. Mwishoni mwa karne ya 18 ulitandikwa mawe wakati mitaa mingine ya mji ilikuwa bado tope, ukaitwa Empedrado, yaani uliotandikwa mawe. Jina la Florida limetokana na vita. Tarehe 25 Mei 1814, huko ambako leo ni Bolivia, wapigania uhuru waliwashinda wanajeshi wa mfalme wa Hispania mahali paitwapo La Florida, na mtaa ukapewa jina la ushindi huo. Kwa hiyo jina ambalo baadaye lilikuja kumaanisha manukato na glavu lilianza na damu na vumbi. Hili wahakiki hawalitaji sana.

Katika mtaa huu ndipo ilipokuwa nyumba ya Mariquita Sánchez de Thompson, na mapokeo yanasema kuwa wimbo wa taifa wa Argentina uliimbwa kwa mara ya kwanza sebuleni mwake mwaka 1813. Picha ya tukio hilo imechorwa na kuchapwa katika vitabu vya shule: bibi mwenye nyumba, kinanda, mabwana wamesimama. Mwaka huohuo wa 1813 baraza la wapigania uhuru liliamua kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa watakuwa huru. Mama zao hawakuachiwa huru. Sasa mimi nikiitazama sebule ile najiuliza sinia zilibebwa na nani. Ni swali la mwanafunzi mkorofi, najua, lakini ndilo swali nitakaloendelea kuuliza mpaka mwisho.

Utajiri ulipokuja ulikuja kwa nyama na ngano. Mwaka 1871 homa ya manjano iliwaua maelfu ya watu mjini, na matajiri wakahama mitaa ya kusini kuelekea kaskazini. Florida ikajikuta katikati ya njia yao. Klabu ya wenye mashamba na farasi wa mbio, Jockey Club, ilifungua jumba lake hapo mwaka 1897, lenye maktaba, picha za kuchora na ngazi ambayo kila mgeni aliisimulia. Duka la Gath & Chaves, lililoanzishwa mwaka 1883, lilikua hadi likawa na makao ya ghorofa kadhaa mtaani hapo. Mwaka 1914 Harrods ya London ikafungua tawi lake, tawi pekee nje ya Uingereza. Mwaka 1915 ikafunguliwa Galería Güemes, kichochoro kilichoezekwa vioo na kujaa maduka, chenye jengo refu juu yake, kazi ya msanifu Mwitalia Francesco Gianotti. Tangu mwaka 1913 magari yalikuwa yanazuiwa kuingia Florida kwa saa kadhaa za mchana ili watu watembee na kutazamana kwa nafasi. Mwaka 1971 yakazuiwa moja kwa moja, na mtaa ukawa wa waenda kwa miguu mpaka leo.

Jamani, maduka hayajiuzi yenyewe. Sensa ya mwaka 1914 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa Buenos Aires walizaliwa nje ya nchi, wengi Italia na Hispania. Hao na watoto wao ndio waliopima vitambaa, walioshona pindo za suruali chumba cha nyuma, waliofunga vifurushi na kuvipeleka majumbani, walioandika hesabu. Wasichana wa kaunta walisimama kutwa nzima. Ilibidi itungwe sheria, na ikatungwa mwaka 1935, ya kuwalazimisha waajiri wa viwandani na madukani kuweka viti vyenye egemeo vya kuwatosha wafanyakazi wao. Watu waliiita sheria ya kiti. Fikiria, msomaji, ni miguu mingapi iliyovimba mpaka bunge likae kujadili kiti.

Turudi sasa kwenye fasihi. Jarida la Martín Fierro lilianza mwaka 1924 likafa mwaka 1927. Liliongozwa na Evar Méndez, na ndani yake waliandika Oliverio Girondo, Jorge Luis Borges, Leopoldo Marechal, Norah Lange na wengine. Ofisi yake ilikuwa Florida, na mkahawa waliopenda kukutania, Richmond, uliofunguliwa mwaka 1917, ulikuwa mtaa huohuo. Ndiyo asili ya jina la kambi. Upande wa pili, kilomita kadhaa kusini-magharibi, katika kitongoji cha makabwela, kulikuwa na mtaa wa Boedo. Huko Antonio Zamora alichapa vitabu vya bei ya chini vya Claridad, na huko walitajwa Elías Castelnuovo, Leónidas Barletta, Álvaro Yunque na Roberto Mariani.

Jina la jarida lenyewe ni kichekesho. Martín Fierro ni mhusika wa utenzi wa José Hernández uliotoka mwaka 1872, mchunga ng'ombe fukara aliyekamatwa kwa nguvu kuwa askari, akatoroka, akawindwa. Eti huyo ndiye vijana wa Richmond walimchagua kuwa mlezi wao. Mwaka uleule wa 1924 Mariani aliwauliza jambo hilohilo waziwazi, tena ndani ya kurasa za jarida lao, na wao wakamjibu kwa kejeli. Ugomvi ukaanzia hapo.

Borges alipozeeka alipenda kusema kwamba ugomvi ule ulikuwa mchezo tu, umetungwa ili watu wapate la kuzungumza. Wahakiki wengi wamefurahia kauli hiyo kwa sababu inawapunguzia kazi. Mimi siikubali nzima. Ni kweli kuna utani mwingi katika kurasa za Martín Fierro, na ni kweli watu wa kambi hizi walikunywa kahawa pamoja. Lakini mtu anayesema "tulikuwa tunatania" mara nyingi ni yule ambaye utani haukumgharimu kitu. Mariani hakuwa anatania.

Mwaka 1925 Mariani alichapisha Cuentos de la oficina, yaani hadithi za ofisini, na hiki ndicho kitabu ninachotaka wenzangu wakitafute. Wahusika wake ni makarani wa kampuni kubwa ya biashara, aliyoibuni na kuiita Olmos y Daniels. Hakuna mgomo mkubwa ndani yake, hakuna bendera. Kuna mtu aliyekosea kuingiza hesabu na hofu inayomla kuanzia hapo. Kuna vijana wanaopimana nani atapandishwa cheo. Kitabu kinafunguliwa na kipande kifupi ambamo ofisi yenyewe inapewa sauti, inamwita mfanyakazi aingie, aache jua nje, na inambembeleza kama mama huku ikimfungia mlango. Ni tashihisi safi kabisa. Nani alisema watu wa Boedo hawakujua fani? Kipande kile kingeweza kuchapwa na Martín Fierro bila kubadilisha nukta, kama siyo kwamba anayebembelezwa ni karani.

Hapa ndipo ninapoona mgawanyo unavyotupotosha. Mwandishi wa "Boedo" ameandika juu ya dunia ya maduka na ofisi za katikati ya jiji, ambayo Florida ndiyo uti wake wa mgongo. Karani wa Mariani analala kitongojini, anaamka, anapanda tramu, anashinda mjini, anarudi usiku. Je, yeye ni wa Florida au wa Boedo? Anwani yake ya usiku inasema hivi, anwani yake ya mchana inasema vile. Wanahistoria wa fasihi wamewapa waandishi anwani moja kana kwamba watu hawasafiri kwenda kazini.

Hata miaka michache kabla ya kambi kuzaliwa, Alfonsina Storni alishaliona jambo hili. Mwaka 1920 aliandika safu katika gazeti la La Nación kwa jina la kubuni la kiume, Tao Lao, na mojawapo ya maandishi yale linamchora mpiga chapa msichana kwa kejeli ya huruma, kama mtu anayetoa maelekezo ya kumtengeneza. Storni mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya ofisini huku akilea mtoto peke yake. Hayumo Florida, hayumo Boedo. Katika orodha za kukariri huwekwa pembeni, na siku hizi wasomi wengi wanakubali kuwa hilo lilitokana zaidi na jinsia yake kuliko ubora wa kazi zake.

Na Roberto Arlt? Huyu ndiye anayewasumbua wapanga kambi kuliko wote. Alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini, shule aliiacha mapema. Riwaya yake ya kwanza, El juguete rabioso, alimpelekea Castelnuovo wa Boedo, naye akaikataa. Aliyempokea ni Ricardo Güiraldes, tajiri mwenye mashamba, kipenzi cha watu wa Florida, aliyemfanya Arlt kuwa katibu wake na kuchapisha sehemu za riwaya hiyo katika jarida la Proa mwaka 1925. Kitabu kizima kikatoka mwaka 1926. Kama kambi zingekuwa matabaka, mambo yangekwenda kinyume cha hivyo.

Ndani ya riwaya hiyo kijana Silvio anapata kazi katika duka la vitabu vilivyotumika, mtaa wa Lavalle, unaokatiza Florida. Kazi yake mojawapo ni kusimama mlangoni akitikisa kengele ya ng'ombe ili wapita njia wageuke. Sisi hapa tuna neno lake: anapiga debe. Kijana anayeota kuwa mwandishi, aliyezungukwa na vitabu, anapiga debe barabarani na kuona haya mbele ya wanawake waliovaa vizuri wanaopita. Usiku mmoja anatupa kaa la moto dukani ili liungue lote, na moto haushiki. Katika fasihi yote niliyosoma juu ya jiji hilo sijaona picha kali zaidi ya mtaa wa maduka ukitazamwa kutoka kizingitini, na anayeutazama hayumo ndani wala nje.

Wenzangu wa idara watakuwa wameshajua ninakoelekea. Nasi tulikuwa na kambi zetu. Baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974 tulipata wanamapokeo na wanamabadiliko, vina na mizani dhidi ya mashairi huru, na hadi leo kuna semina ambazo shairi haliruhusiwi kuzungumza mpaka limeonyesha kadi ya chama. Silinganishi yaliyomo katika migogoro hii miwili, maana yanatofautiana mno. Ninalinganisha uvivu wa msomaji. Tukishampa mwandishi jina la kambi tunaacha kumsoma, tunaanza kumthibitisha.

Tuendelee na historia, maana mtaa haukuishia miaka ya 1920. Tarehe 15 Aprili 1953 Rais Perón alikuwa akihutubia umati Plaza de Mayo. Mabomu yakalipuka, watu wakafa. Usiku ule wafuasi wake waliokasirika waliingia Florida, wakachoma jumba la Jockey Club, vitabu na picha vikateketea. Masimulizi mengi huishia hapo: wavujajasho wameichoma Florida, walionyimwa wamelipiza. Lakini usiku huohuo ilichomwa pia Casa del Pueblo, makao ya chama cha Kisoshalisti, pamoja na maktaba ya wafanyakazi iliyokuwemo, vitabu vilivyokusanywa kwa miaka mingi kwa ajili ya mafundi na makarani. Maktaba ya mabwana na maktaba ya makabwela ziliungua usiku mmoja. Anayetaka kuutumia moto ule kama mfano wa Boedo kumshinda Florida itambidi aifiche ile maktaba ya pili.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1963, Taasisi ya Di Tella ilifungua ukumbi wake wa sanaa namba 936 mtaani hapo, na Florida ikawa tena makao ya majaribio ya kisanaa. Mwezi Mei 1968, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Onganía, msanii Oscar Bony alionyesha kazi aliyoiita La familia obrera, familia ya mfanyakazi. Haikuwa picha. Alimkodi fundi halisi wa kutengeneza kalibu za chuma, mke wake na mtoto wao, akawaketisha juu ya jukwaa kama sanamu, siku baada ya siku, huku wageni wakiwatazama na kinasa sauti kikitoa kelele za nyumbani. Kibao kilieleza kwamba baba huyo analipwa kwa kuketi pale mara mbili ya anachopata katika ufundi wake.

Nimeifikiria sana kazi hii na bado inanikera, nadhani hata Bony mwenyewe alitaka ikere. Miaka arobaini watu walikuwa wakisema Boedo inaandika juu ya mfanyakazi na Florida inamsahau. Sasa Florida imemleta, imemweka juu, imemmulika taa. Amepata hata kiti! Alichokosa ni neno. Hakuna aliyemuuliza anaonaje. Ukilinganisha na karani wa Mariani, ambaye tunaisikia hofu yake kutoka ndani, unaona kwamba swali la maana kwa mhakiki ni mfanyakazi amepewa nafasi gani katika kazi: anatazamwa, au anatazama? Swali hilo linaweza kuulizwa kwa kitabu chochote cha kambi yoyote.

Maonyesho yale hayakumalizika salama. Roberto Plate alijenga vibanda vinavyofanana na vyoo vya umma, tupu ndani, na wageni wakaandika kutani wanayoandika watu chooni, pamoja na matusi kwa utawala. Polisi wakaifunga kazi hiyo. Wasanii wenzake kwa hasira wakazitoa kazi zao nje na kuzivunja palepale, katikati ya Florida. Mwaka 1970 ukumbi ukafungwa.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Gath & Chaves lilifunga mwaka 1974, Harrods mwaka 1998. Desemba 2001 serikali ilipozuia watu kutoa fedha zao benki, wenye akiba walikuja Florida na sufuria na nyundo, wakagonga milango ya benki ambazo zilikuwa zimejifunika mabati. Hao hawakuwa walalahoi. Walikuwa watu wa tabaka la kati, watoto na wajukuu wa makarani wa Mariani. Mkahawa wa Richmond ulifungwa mwaka 2011 na nafasi yake ikachukuliwa na duka la vifaa vya michezo. Wapenzi wa fasihi waliandamana, wakataja jina la Borges. Mwanzoni mwa 2012 mamlaka ya jiji iliwaondoa wamachinga waliotandaza bidhaa zao chini mtaani humo, nao wakapinga kwa kufunga barabara. Nimejaribu kutafuta ni waandishi wangapi walioandika juu ya mkahawa na wangapi juu ya wamachinga. Sitatoa hesabu, ila haikunichukua muda kuona upande upi ulikuwa mzito.

Wapo pia wale wanaoitwa arbolitos, vijiti, kwa sababu wamesimama kama wamepandwa na majani yao ni ya kijani: dola. Wanaita "cambio, cambio" kwa wapita njia ili kuwapeleka kwenye vyumba vya kubadilishia fedha kwa bei ya magendo. Walishamiri hasa kuanzia Oktoba 2011 serikali ilipobana ununuzi wa dola, na tena baada ya Septemba 2019. Ni ndugu wa Silvio na kengele yake. Wanasimama kutwa, na sheria ya kiti ya 1935 haiwahusu, kwa kuwa hawana kaunta wala mwajiri anayekubali kuwafahamu.

Mwalimu mmoja aliyeisoma rasimu ya makala haya ameniambia kuwa ninachanganya sosholojia na uhakiki, na kwamba mtaa si matini. Anaweza kuwa na hoja, ila ninaona kwamba waliouita mtaa jina la kambi ndio walioanza kuusoma kama matini, mimi nimegeuza tu ukurasa. Wenye maoni mengine wajibu katika toleo lijalo.